Kijiko cha Mlimao

4 Machi

Kwa Seremala, shemeji yangu,

Usiichane kwanza. Najua umeshauona mwandiko huu wa kuku na mkono umeanza kukuwasha. Soma mpaka chini, halafu ukitaka iwashie jiko. Ndiyo maana sikukupigia simu. Simu ungenikatia katikati ya neno, na hapa kwetu kuta ni nyembamba, mtu akiongea sebuleni anasikika mpaka chumbani. Barua haikatwi, inachanwa tu, na wewe mtu wa mbao huwezi kuharibu karatasi bila kuisoma. Utauonea huruma mti ilikotoka.

Miaka kumi na mmoja hatujaandikiana. Mimi nimezeeka vizuri, asante kwa kuuliza. Bucha niliifunga mwaka juzi, magoti yaligoma kusimama nyuma ya gogo. Visu niligawa, nimebaki na kimoja cha kutolea mifupa. Sasa mtu aliyekata nyama miaka thelathini na minane, ukimkalisha kwenye kiti, mikono inaanza kutembea yenyewe. Juzi nilijikuta nakata mkate kama paja la ng'ombe. Kwa hiyo nimeamua kujifunza kuchonga. Usicheke. Wazee wenzangu wakistaafu wanaoa tena. Mimi na kisu changu tuna nafuu.

Nataka kuchonga kijiko. Sikusema kinyago, sikusema mlango wa mfalme. Kijiko tu, na kimenishinda. Nilichukua ubao wa sanduku la matunda nikaukata kama nilivyofundishwa kukata nyama, kukatiza nyuzi, ili mlaji asitafune kamba. Kila nikifika shingoni kinavunjika, ta! kama biskuti. Hapa mezani nina vichwa vinne vya vijiko visivyo na miili. Mgeni akiingia atadhani nimerudia kazi ya zamani kwa wanyama wadogo.

Swali langu ni moja, na fundi ninayemjua ni wewe peke yako, bahati mbaya yetu sote wawili: kwa nini kinavunjika?

Dada yako yupo.

Nisalimie misumari.

Shemeji yako usiyempenda,
Mwenye Bucha


15 Machi

Mwenye Bucha,

Nimeipata barua. Sikuichana.

Kinavunjika kwa sababu unakata mti kama nyama. Nyuzi za nyama ni adui wa meno, ndiyo maana mnazikatiza. Nyuzi za mti ndizo mifupa yake. Shika ubao kwenye mwanga utaona mistari. Mstari uanzie kwenye kichwa cha kijiko, upite shingoni, uishie ncha ya mpini bila kukatwa. Kisu kikianza kung'oa badala ya kuteleza, ujue umekwenda kinyume. Geuza mti, anzia upande wa pili.

Ubao wa sanduku la matunda ni takataka. Tafuta mti wenye nyuzi za karibukaribu.

Kisu cha kutolea mifupa ni chembamba mno, kitapinda. Tafuta kifupi. Usikate kuelekea tumboni. Naona ajabu kumwambia hivyo mtu wa kazi yako, lakini nyama hairudishi kisu. Mti hurudisha.

Na kijiko si kazi ya mtu anayeanza. Wanaoanza huchonga kabari, kigingi cha mlango, kijiti cha kukorogea. Kwa nini kijiko?

Sijui kwa nini umeniandikia mimi. Mafundi wapo hata huko kwenu.

Seremala


24 Machi

Bwana Kimya,

Hilo ndilo jina lako nyumbani kwetu. Hukulijua? Dada yako alikupa ukiwa na miaka mitatu, kwa sababu ulikuwa ukianguka hulii, unakaa chini unaitazama ardhi kama inayokudai maelezo.

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara tano kwa ajili ya ufundi, ya sita nikitafuta salamu. Sikuziona. Labda zilidondoka njiani, barabara ni mbovu.

Nimepata mti! Jirani amekata mlimao wake uliokuwa unatuchungulia ukutani, akanipa tawi nene kama muundi wa ndama. Mweupe kama siagi, na laini, kisu kinaingia chenyewe. Nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii, maseremala wanajidai bure. Nikachonga siku mbili, nikifuata nyuzi kama ulivyoagiza. Kikasimama. Kijiko kizima, kichwa na mwili wake! Nikampelekea jirani akione, akasema ni mwiko mzuri wa kuku. Sikumjibu, wivu ni ugonjwa.

Basi kilikuwa kibichi, kinatoa majimaji. Nikakipandisha juu ya bati, kwenye jua la saa sita, kikauke upesi. Jioni nakiteremsha, kimepasuka kama kisigino changu.

Nikaanza kingine siku hiyohiyo, na haraka ikanipa haki yangu kwenye kidole gumba. Miaka thelathini na minane kwenye bucha sikupoteza hata ukucha, nimekuja kuchinjwa na kijiko. Muuguzi alipopita akanifunga bendeji, akauliza, "Mzee, ulikuwa unapigana na nani?" Nikamwambia, na mlimao. Akanipima homa.

Sasa nisaidie vipimo. Nataka kichwa kisizidi upana wa vidole viwili. Kina kiwe kidogo sana, kama alama ya unyayo wa paka. Kingo ziwe nene na za mviringo, zisikwaruze. Mpini mrefu, na shingo ipinde kwenda kushoto. Ni cha kuonjea supu. Mimi huonja kwa upande, ndivyo nilivyozaliwa.

Nijibu upesi. Haraka sina. Nijibu upesi tu.

Mwenye Bucha, mwenye vidole tisa na nusu


2 Aprili

Mwenye Bucha,

Mti mbichi hauwekwi juani. Hauwekwi. Ningekuwa karibu ningekupiga na mpini wa nyundo.

Mti mbichi una maji ndani. Ngozi ikikauka kabla ya moyo, unavutana wenyewe kwa wenyewe, unapinda au unapasuka, na hakuna gundi wala msumari utakaourudisha. Ukipenda ulaini, chonga ukiwa mbichi lakini bakiza unene. Ufunge kwenye gazeti, uweke chini ya kitanda wiki mbili, usiuchungulie. Kisha umalizie. Asiyeweza kungoja asishike mti mbichi. Narudia: asishike.

Nimeandika kwa hasira. Hasira ni ya mti, si yako.

Vipimo vyako nimekaa navyo siku tatu. Nilivichora kwenye ubao kwa ukubwa wake halisi nikaviweka mbele yangu wakati wa chai. Mtu wa kuonja supu hana haja ya kingo nene. Mtu anayejilisha mwenyewe hana haja ya shingo iliyopinda, mkono wake ndio unaopinda. Kijiko hiki kitashikwa na mtu aliyekaa pembeni, na kitaingia mdomoni upande mmoja, kwa sababu upande wa pili haufanyi kazi. Nimetengeneza vitanda vya wagonjwa, viti vya kuogea, magongo. Mteja hunidanganya, vipimo vyake havijawahi.

Tena una muuguzi anayepita nyumbani kwako, na kabla ya kidole alikuwa anapita tayari.

Tena uliandika "Dada yako yupo." Hukuandika hajambo.

Nani analishwa?

Seremala


9 Aprili

Shemeji,

Umenikamata kama mwizi wa kuku, manyoya mdomoni.

Ni yeye. Mwezi wa kumi, asubuhi, alikuwa anaanua nguo. Nikasikia kimya kirefu uani, na dada yako si mtu wa kimya kirefu, hicho uligawiwa wewe peke yako. Nikamkuta chini, shati langu mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, mkono, mguu, shavu. Maneno yamebaki machache kama meno yangu, na hayatoi ovyo.

Chuma hakitaki. Kijiko cha chuma kikigonga meno anauma, taya zinakaza, hafungui tena mpaka kesho. Tukajaribu cha plastiki, akakivunja mdomoni, nikatoa vipande kwa kidole. Muuguzi akasema jaribuni cha mti, hakina baridi wala kelele. Dukani nimepata miiko ya kulishia tembo. Basi nikawa mchongaji.

Uji anakula vijiko vitatu kwa siku, vinne akinihurumia. Unajua mimi nilikuwa nakadiria uzito kwa mkono, mizani niliweka kwa ajili ya wateja wasioamini. Kila asubuhi nikimgeuza kitandani mikono inasoma yenyewe. Natamani ningekuwa mshona viatu, nisingejua.

Sikukwambia kwa sababu aliniapisha. Siku ya pili baada ya kuanguka, bado maneno anayo, alinishika ukosi kwa mkono wa kushoto akasema, "Usimwite." Nikauliza nani, kama mjinga. "Usimwite. Apa." Nikaapa.

Sababu unaijua, lakini huenda hujui ukubwa wake. Siku ile ya msiba wa mama yenu daraja lilikuwa limekatika, akavuka maji yakimfika kifuani, viatu mkononi. Akafika asubuhi akakuta udongo. Wewe umesimama na jembe lako, ukamwambia, "Mama alisema asingojwe mtu." Kuzika bila yeye angekusamehe, mvua ni mvua. Ni hayo maneno ya mama. Alimuuguza miaka minne, akaja kwangu wiki mbili tu kupumzika, na mama akasema asingojwe. Miaka kumi na mmoja anayatafuna. Mdomo umejaa, uji utapita wapi?

Kwa hiyo elewa vizuri: sikuiti. Niliapa nisikuite. Sikuapa nisichonge, wala sikuapa nisimuulize fundi swali. Shule niliachia darasa la nne, lakini kiapo najua kukisoma pembeni.

Na kijiko usimtumie. Akijua ni kazi ya mkono wako atakitema. Nitachonga mimi. Cha tano kiko kwenye gazeti chini ya kitanda chake, na cha sita pia, kwa kuwa sijiamini. Nangoja.

Mume wa dada yako,
Mwenye Bucha


16 Aprili

Shemeji,

Hii ni mara ya kwanza kukuita hivyo. Nimeona ilikuwa rahisi.

Pamoja na barua hii kuna kisu kilichopinda ncha. Ni cha kuchimbia kichwa cha kijiko. Nilipewa na aliyenifundisha kazi. Chimba kidogokidogo kutoka kingoni kwenda katikati, usitoke upande mmoja kwenda wa pili. Usikinoe kwa jiwe la bucha. Tumia mkanda wa ngozi. Ukimaliza, paka mafuta ya kula mara tatu, siku tatu.

Sasa hili lingine. Nimeliandika mara tatu nikalitupa kwenye maranda.

Mama hakusema neno lile.

Hakusema chochote juu ya kungoja. Siku ya mwisho aliuliza, "Amefika?" Nikamwambia yuko njiani. Akasema, "Basi, vizuri." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake.

Mvua ilikuwa ya wiki ya tatu. Paa la karakana lilivuja na mbao zangu zote kavu zikalowa. Watu wakasema tununue sanduku. Nikasema, mimi seremala, mama yangu alale kwenye sanduku la mtu mwingine? Nikapata mbao zilizotoka kwenye msumeno siku moja kabla, zinatoa maji ukizikamua. Nilijua. Mwanafunzi wa wiki moja anajua. Nikapiga randa, nikaunga, saa nne asubuhi nikamaliza. Lilikuwa zuri, shemeji. Tukamlaza.

Halafu jua likatoka. Jua lote la wiki tatu lilitoka siku ile. Saa nane kifuniko kikaanza kujikunja. Nikapiga misumari, kikanyanyuka upande wa pili. Saa tisa ungeweza kuingiza vidole vinne. Ua umejaa watu, na mbele wamekaa mafundi wenzangu wawili, wanatazama viatu vyao kwa heshima. Nikasema tuzike. Wakasema dada yuko njiani, tungoje kesho. Nikasema mama alisema asingojwe mtu.

Nilidhani ni neno la siku moja. Asubuhi alipofika nililirudia, kwa sababu wote waliosimama pale walikuwa wamelisikia. Baada ya hapo likakauka, na mti ukishakauka huukunji tena. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda.

Niliona aibu kwa ajili ya sanduku. Si kwa ajili ya mama, wala dada. Sanduku.

Usimsomee barua hii. Sina haki ya kumtwisha mgonjwa mzigo wangu. Nimekuandikia wewe ili mtu mmoja awe anajua.

Seremala


27 Aprili

Shemeji,

Wewe mtu wa kupima mara mbili ndipo ukate, mbona barua hukuipima? "Usimsomee" umeiweka mwisho kabisa. Mimi sijui kusoma kimoyomoyo, nasoma kwa sauti nikifuata kwa kidole, ndivyo tulivyofundishwa kabla sijafukuzwa. Nilipofika kwenye katazo lako nilikuwa nimeshamaliza.

Na kama niliichungulia kwanza nikiwa mlangoni, hilo ni kati yangu na Mungu, naye anajua nilivyo.

Nilipotaja kuwa imetoka kwako alifumba macho. Siku hizi huo ndio mlango wake wa kunifungia. Nikaendelea tu, kisu, mkanda wa ngozi, mafuta ya kula. Nilipofika "Amefika?" akafumbua. Nikasoma mpaka mwisho. Bomba la jirani linadondoka, nalisikia tone moja moja. Halafu akasema, akilitafuta kila neno kwanza:

"Mama... hakusema?"

"Hakusema."

"Soma."

Nikasoma. "Soma." Nikasoma tena. Mara ya tatu, pale kifuniko kinaponyanyuka upande wa pili, akatoa sauti nikadhani amepaliwa. Nikamwinua, nampiga mgongoni, naita muuguzi ambaye hata hayupo. Kumbe anacheka! Upande mmoja wa uso unacheka, wa pili umelala kama haukuletewa habari. Machozi yalitoka pande zote mbili, hayo ugonjwa haukuyakuta. Akasema, "Mjinga." Nikauliza, mimi au yeye? Akanyoosha kidole kwenye barua. Nimefurahi sana. Katika ndoa hii yote ni mara ya kwanza hilo neno halikuwa langu.

Baadaye alilia vibaya, na hakutaka nikae karibu. Nikakaa mlangoni. Alikuwa anamwita mama yenu.

Kijiko cha tano kilipasuka hata kwenye gazeti, kilikuwa na jicho la mti sikuliona. Cha sita kimepona. Kisu chako kinachimba kama kinalamba asali. Si kizuri, shingoni kina uvimbe kama mwenye tezi, niliogopa kuukata nikavunja tena. Lakini alipokiuma, kilinyamaza. Akauma mara ya pili, akakisikiliza. Taya zikalegea. Vijiko kumi na kimoja, shemeji! Kumi na kimoja! Nilivihesabu kwa sauti kama kichaa mpaka akaniambia, "Nyamaza."

Jana, nikiwa nampangusa kidevu, akasema, "Aje." Nikajifanya kiziwi, maana kiapo ni kiapo, nilitaka anifungue kamba sawasawa. Nikauliza, "Nani huyo?" Akanitazama vile anavyonitazama nikivaa shati kinyume.

"Aje. Upesi."

Sasa nakuita.

Mwenye Bucha, mtu huru


1 Mei

Shemeji,

Alhamisi, basi la asubuhi. Nimefunga karakana nikabandika karatasi mlangoni.

Sijui nitaanza na neno gani. Mwambie kwamba... hapana, usimwambie kitu. Wewe fungua mlango tu.

Seremala


23 Mei

Shemeji,

Nimefika salama. Wateja wamekasirika, maranda yamelowa, paka amezaa ndani ya sanduku la patasi.

Sikukuaga vizuri. Wewe ulikuwa unatania na mimi ningefungua mdomo ningelia, basi nikapanda basi. Nakuandikia yale ya siku ya kwanza ulipotuachia chumba ukajidai unakwenda kununua sabuni. Sabuni nyumbani ilikuwepo, niliiona.

Alinisimamisha. Sijui muda gani, mguu ulikufa ganzi. Ananitazama kutoka juu mpaka chini, anarudi juu. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimepanga maneno, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema, "Dada," nikakwama hapo. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Nikakaa. Nikajaribu tena, "Dada, siku ile..." Akafungua mdomo. Nilidhani anataka kusema kitu, nikangoja. Akaendelea kuufungua tu, amekasirika, mpaka nikaelewa. Uji ulikuwa unapoa.

Sijawahi kumlisha mtu. Nilimchafua mpaka shingoni. Alinivumilia.

Kisha nilitaka kuusugua msasa ule uvimbe wa shingoni mwa kijiko. Akakibana kijiko mkononi akasema, "Acha." Usiku nilikiangalia vizuri. Ule uvimbe ndipo kidole gumba cha mlishaji kinapokaa, hakitelezi. Kama ulikusudia, wewe ni fundi. Kama hukukusudia, usimwambie mtu.

Siku ya kuondoka alinigusa kichwa akasema lile neno la kwenye barua yako, "Mjinga." Nilisikia vizuri zaidi kuliko "nimekusamehe."

Anakula? Niandikie ukweli, hata ukiwa mfupi.

Mdogo wake,
Seremala


3 Juni

Shemeji,

Ukweli mfupi: ulipoondoka kumi na vinne. Wiki iliyofuata tisa. Halafu vitano. Jana viwili.

Si kijiko, na si taya. Anafungua mdomo vizuri, anakipokea, halafu anatabasamu na kugeuza uso, kama mgeni mwenye adabu aliyeshiba. Muuguzi ameacha kunitania. Hicho ndicho kinachonitisha.

Nimeanza kuchonga cha saba, kidogo zaidi, upana wa kidole kimoja. Najua, najua. Niache nichonge. Mikono inanitafuta.

Kila siku ananiomba nimsomee barua yako ile. Karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Siku hizi hanihitaji sana, nikifika penye "Basi, vizuri" anaisema mwenyewe kabla yangu.

Mwenye Bucha


14 Juni

Shemeji,

Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao. Nimemwambia akufikie, angoje uzime mashine, angoje ukae, ndipo akupe. Ningeweza kupiga simu. Sikutaka uipokee ukiwa umeshika msumeno.

Dada yako ametuacha leo saa tisa alasiri. Hakuhangaika. Dirisha lilikuwa wazi, nami nilikuwa namsimulia uongo wangu wa bucha, ule wa mteja aliyerudisha ulimi wa ng'ombe akidai umemsengenya kwa mkewe. Ameusikia mara mia. Safari hii hakuungoja mwisho. Simlaumu, mwisho wake si mzuri.

Asubuhi alikula kijiko kimoja na nusu. Hiyo nusu alinirudishia, akataka nile mimi. Nikala.

Nimemwogesha pamoja na muuguzi. Mikono yangu imesoma, sitakuandikia ilichosoma.

Uani watu wamejaa. Wameniuliza, kesho saa ngapi? Nimewaambia kesho hapana. Kuna mzee mmoja hapa, rafiki yangu, ana haraka ya kila kitu isipokuwa kulipa madeni yake. Akasema njia ni ndefu, huenda shemeji yako akachelewa, kwani marehemu mwenyewe alisema nini? Nikasimama. Nilitaka kumtania, nikatafuta utani sikuuona, ni mara ya kwanza kunitokea. Nikamwambia marehemu hakusema kitu. Ninayesema ni mimi, mumewe, na ninasema mdogo wake angojwe. Wameshaanza kutandika, watalala hapa.

Sanduku limenunuliwa dukani. Linang'aa kama meza ya hoteli, fundi wake hakupiga hata randa ya pili. Limefungika. Wewe usilete kitu. Njoo na mikono yako tu.

Basi la usiku usipande. Kula, lala, panda la asubuhi. Ukikuta njia imekatika usivuke maji, rudi ulale, panda la kesho yake, na la keshokutwa kama ni lazima. Hakuna atakayegusa jembe kabla hujashuka.

Mume wa dada yako,
Mwenye Bucha